Alama ya Reli na Makarani Wasiotajwa: Kwa Nini Lebo za Kazi Zako Zinapotea

Wadau, leo tuongelee kitu kidogo kinachotesa watu wengi kimya kimya: lebo kwenye programu za kukumbusha kazi. Yaani ile unaandika "Dawa za mama #hospitali", unajiona umeshapanga maisha, halafu Jumatatu ukifungua lebo ya hospitali dawa za mama hazimo. Unatafuta weee, kumbe ziko kwenye #Hosp. Au ziko kwenye #kliniki. Au lile neno #hospitali limebaki ndani ya sentensi kama maandishi ya kawaida, halijawahi kuwa lebo hata siku moja.

Ikifika hapo wengine wanalaumu simu, wengine wanajilaumu wenyewe kwamba hawajui kujipanga. Binafsi naona tungeanza na historia kwanza. Lebo ni za zamani sana kuliko simu, na kila mahali zilipofanya kazi vizuri palikuwa na mtu wa pembeni, mara nyingi asiyetajwa jina, ambaye kazi yake ilikuwa kuzitunza. Simu imetupa lebo bure kabisa, lakini huyo mtu haikuja naye.

Kabla hatujaenda mbali tuwekane sawa kwa maneno. Orodha ni kama sanduku: kazi moja inakaa kwenye sanduku moja. Lebo, ambayo wengine wanaiita tegi, ni kibandiko: kazi moja inaweza kubeba vibandiko vitatu na bado ikabaki kwenye sanduku lake. Ndiyo uzuri wa lebo. Na ndiyo balaa lake pia, maana vibandiko ni rahisi kuvitengeneza na ni rahisi zaidi kuvisahau.

Vijana wa gundi wa Roma

Zamani za Warumi kitabu kilikuwa gombo. Ukishaliviringisha na kulipanga na mengine mia, yote yanafanana. Dawa yake ilikuwa kipande kidogo cha ngozi au cha papirasi kilichoning'inizwa kwenye gombo, kikiwa kimeandikwa jina la kitabu. Wagiriki walikiita sillybos. Hiyo ni lebo kwa maana yake halisi kabisa, kitu unachokishika kwa vidole.

Mwaka 56 KK mwanasiasa Cicero alikuwa anapanga upya maktaba yake nyumbani kwake Antium. Msomi Tyrannio ndiye aliyesimamia. Cicero akamwandikia barua rafiki yake Atticus akimwomba amtumie makarani wake wa vitabu, watu wawili hivi, wasaidie kazi ya gundi, na waje na ngozi ya kutengenezea lebo. Cicero tunamjua, Atticus tunamjua, Tyrannio naye kaingia kwenye historia. Wale wawili wa gundi, kwenye barua hiyo ya ombi, hawana majina. Katika nyumba za matajiri wa Roma kazi kama hizo zilifanywa na watumwa.

Lakini hebu fikiria walichokuwa wanaleta. Watu wawili, chini ya msimamizi mmoja, wakiandika majina kwa utaratibu mmoja. Hapakuwa na gombo lililoandikwa hivi leo na vile kesho. Gundi yenyewe mtu yeyote angeweza kuipaka. Cha thamani kilikuwa ule utaratibu.

Daftari la bwana Locke

Turuke karne nyingi hadi Ulaya ya miaka ya 1600, wakati vitabu vimeshakuwa vingi na wasomi wana daftari la kunakili mambo ya kukumbuka. Shida yao ilikuwa ile ile ya simu yako: umeandika, sasa umeandika wapi?

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alichapisha njia yake kwa Kifaransa mwaka 1686, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1706 akiwa ameshafariki. Njia yenyewe ni rahisi. Kila jambo unalipa neno moja la kichwa. Mwanzoni mwa daftari unaweka faharasa iliyogawanywa kwa herufi ya kwanza ya neno na irabu ya kwanza inayoifuata. Tukiileta kwa maneno yetu, "dawa" inaingia kwenye D-a, "deni" inaingia D-e, "hospitali" inaingia H-o.

Umeona ujanja uliomo? Kabla hujaandika jambo jipya inabidi urudi kwenye faharasa uone kama neno lako lina ukurasa tayari. Daftari linakulazimisha uwe karani wa nafsi yako. Ile dakika moja ya kufungua mbele na kuangalia ndiyo inayozuia "hospitali" na "hosp" zisiishi nyumba mbili.

Mwalimu wa hisabati wa Madras na kadi ya "tazama"

Maktaba kubwa zilikuwa na tatizo lingine. Kitabu ni kimoja na rafu ni moja, lakini mada ni nyingi. Kitabu cha magonjwa ya mpunga nchini India ukiweke kwenye kilimo, kwenye magonjwa au kwenye India? S. R. Ranganathan, aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, alitoa mfumo wake mwaka 1933. Alivunja mada vipande vipande, halafu akaviunganisha kwa alama ya nukta mbili. Kwa hiyo wazo la kuipa kitu kimoja sura nyingi, na kutumia alama ndogo ya uandishi kutenganisha sura hizo, lilikuwepo miaka mingi kabla ya simu janja.

Kwenye maktaba hizo za kadi kulikuwa na kadi moja ya unyenyekevu sana, ile ya "tazama". Unatafuta "motokaa", unakuta kadi inakwambia: tazama "gari". Hakuna kitabu nyuma yake, inakuelekeza tu. Mtu fulani alikaa akafikiria kwamba msomaji mwingine atakuja na neno jingine, akamwachia njia. Jina lake halipo kwenye kadi. Kumbuka kadi hii, maana tutaihitaji huko mbele.

Asilimia 20

Mwaka 1987 watafiti waliokuwa kwenye maabara za simu nchini Marekani walichapisha makala kuhusu kile walichokiita tatizo la msamiati. Waliwaomba watu wape majina vitu na vitendo vya kawaida, halafu wakaangalia ni mara ngapi watu wawili wanachagua neno moja. Jibu: uwezekano ulikuwa chini ya asilimia 20.

Soma tena hapo. Ukiwachukua watu wawili wenye akili timamu, wanaozungumza lugha moja, ukawaonyesha kitu kimoja, zaidi ya mara nne kati ya tano watakipa majina tofauti.

Sasa chukua mfano wa familia. Mama anaumwa presha. Dada yuko Dar, kaka yuko Mwanza, mdogo wao yuko Nairobi. Wamefungua orodha ya pamoja kwenye simu ili wasaidiane: nani ananunua dawa, nani anampeleka kliniki, nani analipa bima. Dada anaweka #dawa. Kaka anaweka #mama. Mdogo anaweka #kliniki. Kila mmoja akifungua lebo yake anaona kazi zake zimekamilika, roho inatulia. Dawa zinaisha Alhamisi na kila mtu alidhani mwenzake ameshanunua. Hapo hakuna mzembe hata mmoja. Ni asilimia 20 inafanya kazi yake.

Tena mimi naongeza la kwangu: hata mtu mmoja huwa ni watu wawili. Wewe wa Jumatatu asubuhi, mwenye kahawa mkononi, unaandika "ofisini". Wewe wa Ijumaa jioni, uliyechoka, unatafuta "kazi".

Reli ilivyofika kwenye simu

Tuijadili sasa alama yenyewe, #, ambayo kwetu tunaiita alama ya reli kwa sababu inafanana na njia ya treni. Ilikuwepo kwenye taipureta zamani. Mwaka 1968 kampuni ya simu ya Bell huko Marekani iliongeza vitufe viwili kwenye simu za kubonyeza, nyota na reli, na simu ikawa na vitufe kumi na viwili kama unavyoviona hadi leo. Hivyo vitufe viwili ndivyo vinavyotuwezesha kubonyeza *150*00# kule Tanzania au *144# kule Kenya. Wahandisi walioviweka wala hawakuwa wanafikiria salio la mtu wa Mbagala.

Mwaka 1988 huko Oulu, Finland, ukazaliwa mfumo wa kuchati wa IRC, na vyumba vyake vya mazungumzo vikawa vinaanza na alama hiyo hiyo. Kutoka huko, tarehe 23 Agosti 2007, mbunifu mmoja wa Marekani aliandika Twitter akipendekeza watu waweke # mbele ya neno ili kukusanya mazungumzo ya kundi moja. Wenye mtandao hawakuvutiwa sana mwanzoni. Oktoba mwaka huo huo moto mkubwa ukawaka San Diego, na watu wakaanza kufuatana kwa #sandiegofire. Hapo wengi wakaelewa faida yake: ukiwa na haraka, na nyumba iko hatarini, unahitaji neno moja ambalo kila mtu analitumia vile vile.

Angalia lakini kilichofanya lebo ile ifanye kazi. Watu waliona neno ambalo mwenzao ameshalitumia, wakalifuata. Umati ukawa karani. Kwenye orodha yako ya kazi hakuna umati, uko peke yako.

Lebo zinaingia kwenye orodha za kazi

Kabla ya hapo, mwaka 2003, kulikuwa na huduma iliyoitwa del.icio.us ya kuhifadhi viungo vya tovuti kwa lebo. Aliyeianzisha alikuwa anafanya kazi kwenye benki kubwa New York, na hiyo ilikuwa shughuli yake ya pembeni. Kwenye huduma hiyo lebo zilitenganishwa kwa nafasi. Maana yake ukiandika "afya ya mama" umepata lebo tatu: afya, ya, na mama. Watu wakajifunza kuunganisha maneno kwa kistari au kuyabana pamoja. Tabia ile ya kuogopa nafasi haijatutoka mpaka leo.

Watafiti wa maabara za HP waliochunguza lebo hizo walikuta aina kadhaa. Kulikuwa na lebo zinazosema kitu kinahusu nini, na kulikuwa na lebo za kujipangia kazi, kama ile ya "vya kusoma" iliyoandikwa kwa neno moja. Ina maana watu walishaanza kugeuza lebo kuwa vikumbusho kabla hawajaambiwa.

Mwaka 2005 vijana wawili kutoka Australia walitoa Remember The Milk, huduma ya kukumbusha kazi mtandaoni yenye lebo. Baadaye ikaweka njia ya kuandika kila kitu kwa mstari mmoja, ambapo # ilitumika kwa orodha na kwa lebo pia. Todoist, iliyoanza mwaka 2007, ikaenda njia nyingine: # ni ya mradi, @ ni ya lebo. Apple walichelewa, lebo za # ziliingia kwenye programu yao ya vikumbusho mwaka 2021 na iOS 15. Alama moja, maana tatu. Mtu akihama programu vidole vyake havihami. Anaandika # akitaka lebo, kumbe huko aliko # ni sanduku.

Sasa turekebishe

Kwa hiyo lebo yako ikigoma, pita hatua hizi kwa mpangilio. Kila moja ina mzizi wake kwenye hiyo historia.

Kwanza, hakikisha lebo imezaliwa. Je, neno limebadilika rangi au limejitenga na sentensi? Kama bado linaonekana kama maandishi ya kawaida, basi ni maandishi ya kawaida. Sababu mara nyingi ni nafasi kati ya reli na neno, au hukumalizia kwa nafasi au kwa kugusa pendekezo, au ulibandika sentensi kutoka WhatsApp na programu haikuisoma upya. Futa neno, liandike tena kwa mkono.

Pili, alama ni ile ya programu unayotumia sasa? Kama umehama karibuni, angalia kama # ni lebo au mradi. Huenda kazi yako haijapotea, imehamia sanduku jingine.

Tatu, lebo iwe neno moja. Kwenye vikumbusho vya Apple lebo ni neno moja tu, ila kistari na mstari wa chini vinakubalika. Andika #dawa-mama, usiandike #dawa mama, maana hapo "mama" anabaki nje.

Nne, kazi iko kwenye akaunti gani? Hili linawasumbua wengi kwa sababu halionekani kwa macho. Kwenye iPhone unaweza kuwa na orodha za iCloud na orodha za akaunti nyingine, labda ya ofisini, zote kwenye skrini moja. Lebo zinafanya kazi kwenye vikumbusho vya iCloud vilivyosasishwa. Zile orodha za akaunti nyingine hazina. Na kifaa cha zamani ambacho hakijafika iOS 15 hakiwezi kukuonyesha lebo ulizoweka kwenye kipya.

Tano, tafuta mapacha. Fungua ukurasa wa lebo zote usome kutoka juu hadi chini. Utacheka mwenyewe: hospitali, hosp, hospital, kliniki, daktari. Chagua moja, wengine wabadilishe jina au uwahamishe. Usifute lebo kabla hujahamisha kazi zilizomo, vinginevyo kazi zinabaki ila zinapoteza kibandiko na hutazikuta tena kirahisi.

Sita, kagua kichujio. Ukichagua lebo mbili, programu inaweza kukuonyesha kazi zenye lebo zote mbili, au kazi zenye lebo yoyote kati ya hizo. Hiyo tofauti ndogo inaweza kuficha nusu ya orodha. Angalia pia kama kazi zilizokamilika zimefichwa. Labda uliigusa kwa bahati mbaya ukaimaliza bila kujua.

Saba, na hii ndiyo kubwa: lebo haipigi kengele. Lebo inakusanya tu. Kinachokuamsha ni tarehe na saa. Kwa mambo ya afya, ada ya shule na mikopo, weka tarehe kwanza, lebo baadaye. Hata lebo ikiharibika yote, kengele italia.

Nani sasa ni karani?

Hatua hizo saba zitakutibu leo. Mwezi ujao mapacha watarudi, kwa sababu kile kiti cha karani bado kitupu. Kwa hiyo mtu akikalie.

Ukiwa peke yako, kazi yake ni dakika kumi kwa wiki. Chagua siku, Jumapili jioni kwa mfano. Fungua lebo zote. Lebo yenye kazi moja tu iliyokaa mwezi mzima huenda haina kazi hapo, iondoe. Lebo zako zibaki chache kiasi kwamba unaweza kuzitaja bila kuangalia simu. Ukitaka kuzaa lebo mpya fanya kama daftari la Locke: angalia kwanza kama ipo. Programu nyingi zinakuletea mapendekezo ukianza kuandika. Usiyapuuze, ndiyo faharasa yako hiyo.

Mkiwa familia au kikundi, mteueni mtu kwa jina. Si lazima awe mtaalamu wa kompyuta. Awe ni yule anayekumbuka siku za kuzaliwa za watu wote, kila ukoo una mmoja. Akae aandike maneno sita au saba mtakayotumia, ayabandike juu kabisa kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake aweke kadi za "tazama" kama za maktaba: ukitaka kuandika "kliniki", andika "hospitali". Kazi yoyote inayomhusu mama ibebe #mama bila ubishi, hata kama ina lebo nyingine. Halafu huyo karani awe na ruhusa ya kurekebisha lebo za wengine bila mtu kununa.

Na mshukuruni. Nasema hivyo kwa sababu kazi hii ikifanyika vizuri haionekani. Dawa zinanunuliwa, kliniki haikosi, bima inalipwa, na kila mtu anadhani mambo yamejipanga yenyewe. Kwenye familia nyingi kazi hiyo anaifanya dada mkubwa, au mama mwenyewe alipokuwa na nguvu zake, kwa daftari la kurasa zilizokunjwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mkihamishia kwenye simu msifikiri mmemstaafisha. Mmebadilisha daftari tu.

Haya, nawe je? Lebo gani kwenye simu yako ina mapacha wengi zaidi? Na kwenu karani ni nani? Mtaje kwenye maoni hapo chini, leo angalau apate kutajwa.